Kioo cha Mpigo Mmoja

Badru wa vitenge, kama walivyozoea kumwita pale sokoni Kasulu, alikuwa mtu wa maneno machache mpaka umuulize habari za mkewe. Hapo aliweka mita chini, akakuvutia kigoda, na safari yako ya nyumbani ikachelewa.

Mkewe, Yasmini, alikuwa mwanafizikia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Ujiji, mama yake Muha wa Munanila. Alisoma Dar es Salaam, kisha miaka kadhaa Ulaya kwenye maabara yenye leza kubwa, akarudi Kasulu na shahada ya uzamivu, akaolewa na Badru. Alisema kazi yake haimlazimu kukaa kule. Hesabu zinafanywa na kompyuta kubwa ya maabara, na yeye anaweza kuiamrisha kutoka popote penye intaneti. Wengi mjini hawakumwelewa. "Mkeo kasoma kote huko, karudi kukaa sebuleni na kompyuta?" walimwuliza Badru. Yeye alikuwa akitabasamu tu, maana alikuwa anajua kinachofanyika sebuleni kwake.

Alijua kwa sababu aliuliza. Walipooana tu alimwambia, "Nieleze kazi yako kama unavyomweleza mteja asiyetaka kununua." Yasmini alicheka, akafikiri kidogo, kisha akaanza.

"Chukua mwanga, ukate kipande. Kipande kifupi mno. Kama ungeweza kukisimamisha hewani ukipime kutoka mbele mpaka nyuma, ungekuta ni chembamba kuliko unywele wako. Humo ndani tumebana nguvu ambayo, kwa muda mfupi mno kuliko kufumba na kufumbua, inazidi mitambo yote ya umeme ya dunia ikiwashwa pamoja. Kipande hicho tunakiita mpigo. Tunaupeleka kwenye utando wa kaboni mwembamba kiasi kwamba ukiutazama ubavuni huuoni."

"Utando unaungua."

"Hauna nafasi ya kuungua. Elektroni zinang'olewa kwenye atomi palepale, na kilichokuwa kitu kigumu kinageuka plazma, iliyosongamana vilevile kama kile kitu kigumu kilivyokuwa. Na plazma iliyosongamana hivyo haipitishi mwanga. Elektroni ni nyingi mno. Zinatikisika pamoja na kuurudisha mwanga ulikotoka."

"Basi mmepoteza mwanga wenu bure," alisema Badru.

"Hapo ndipo patamu, mume wangu. Mwanga ukiwa mkali kupita kiasi, elektroni zinakimbizwa karibu na kasi ya mwanga wenyewe. Kitu kikikimbia hivyo kinakuwa kizito. Zinakuwa nzito, zinatikisika kwa shida, zinashindwa kuuzuia. Ukuta unageuka dirisha. Mwanga unapenya, unazisukuma elektroni, nazo zinavuta nyuma yake protoni zilizonata juu ya utando kutokana na unyevu tu wa hewa. Protoni hizo zinatoka kwa kasi ambayo kwa kawaida unahitaji mtambo mkubwa kama mtaa huu kuzifikisha. Wapo wanaotumaini kwamba siku moja hospitali zitazitumia kutibu uvimbe. Siku hiyo bado iko mbali. Mimi nataka kwanza nijue jinsi ukuta unavyogeuka dirisha."

Siku iliyofuata Badru alimkatia mteja kitenge kifupi kwa nusu mita, mawazo yakiwa kwingine kabisa. Alikuwa amepita maishani akidhani mwanga ni kitu cha kuonea tu.

Sasa mtoto wao, Zena, alikuwa na miezi mitatu, na wiki ya jaribio ilikuwa imefika. Yasmini alikuwa amefanya hesabu zake tangu Zena hajazaliwa: unene wa utando, ukali wa mwanga, protoni zitakavyotoka. Maabara ilikuwa imezikubali na kutenga wiki nzima ya leza kwa ajili yake. Wengine walikuwa kwenye foleni nyuma yake, wanasubiri zamu.

Kule kwenye chumba cha leza alikuwepo mtu anayezungumza naye Kiswahili. Séverin alizaliwa Kivu, akakulia kambini Nyarugusu, mwendo mfupi kutoka hapo Kasulu, akapata ufadhili wa masomo, na sasa alikuwa fundi wa leza ileile. Mama yake, Jeannette, alikuwa bado kambini, mhudumu wa afya wa kujitolea. Yasmini na Séverin walikuwa wamekutana Ulaya kwenye foleni ya chakula, na walipogundua kwamba wote wametoka njia moja ya vumbi jekundu, walishikana mikono wasiachane, watu wakawashangaa.

Siku ya nne ya jaribio, ikiwa imebaki siku moja tu ya kazi, Séverin alipiga simu. Badru alikuwa amerudi kula chakula cha mchana, akasikia kila neno, kwa kuwa Yasmini alikuwa ananyonyesha na simu ilikuwa mezani kwa sauti ya wazi.

"Dada Yasmini, huku tuko na shida. Tumepiga mara mingi, lakini protoni ziko zinatoka zaifu. Unajua zile filamu tunapanganga nyuma ya utando? Mbili za mbele tu ndizo zinageuka bleu. Zingine zote, hakuna kitu."

Filamu hizo zilipangwa moja nyuma ya nyingine, na kila protoni yenye nguvu zaidi ilitakiwa kufika ndani zaidi na kuacha rangi ya buluu. Hesabu za Yasmini zilisema buluu itafika mpaka ya mwisho.

"Sophie anasemaje?" aliuliza Yasmini.

"Bosi anasema kesho turudilie tando za unene. Zile zinafanyaka kazi kila mara. Angalau tutapata kitu. Ataongea nawe leo saa kumi za kwenu."

Yasmini alifungua kompyuta yake haraka, na hapo ndipo alipokuta intaneti imekufa. Mahali fulani kwenye ujenzi wa barabara, waya ulikuwa umekatwa. Simu za kawaida zilipita kwa kusuasua, lakini kompyuta kubwa ya Ulaya haikufikika. Yasmini alimtazama mumewe. Badru akasukuma sahani kando, akachukua simu yake.

Alimpigia shangazi yake Mwamvua, mfanyabiashara wa mchele na maharage mjini Kibondo. "Intaneti ipo huko?"

"Ipo mno!" alijibu shangazi. "Wajukuu zangu hawajainua macho kwenye simu tangu asubuhi. Kwani vipi?"

"Tunakuja."

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilizungumza baadaye, akawapakia mke na mtoto kwenye pikapu, wakaondoka. Walipita Makere, wakapita Busunzu, lami mpya ikibadilishana na vipande vya vumbi, mikaratusi imejipanga vilimani. Yasmini hakutazama nje hata mara moja. Alikuwa anasema peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu wageni.

"Utando ni mzuri. Ukali umepimwa. Basi utando unakuwa umeharibika kabla." Mbele kidogo akasema tena, "Kabla."

"Kabla ya nini?" aliuliza Badru.

"Kabla mpigo haujafika. Baba Zena, mpigo hautembei peke yake. Ukiutengeneza, unabaki na takataka za mwanga. Kuna mwanga dhaifu unaoweza kumtangulia mkubwa. Dhaifu kwa kulinganisha na mkubwa, lakini kwa utando mwembamba kama wetu unatosha kuupasha moto, ukafura, ukatawanyika. Mkubwa anapofika, hakuti ukuta wala dirisha. Anakuta ukungu."

"Na utando mnene?"

"Mnene unavumilia. Ngozi ya mbele inaharibika, nyuma kunabaki salama. Ndiyo maana ule kila siku unafanya kazi."

Badru alikanyaga mafuta.

Shangazi Mwamvua aliwapokea mlangoni kwa vigelegele, akambeba mtoto, lakini alipoona Yasmini anafungua kompyuta kabla hata ya kunywa maji, uso wake ulibadilika. Alimvuta Badru uani.

"Mwanangu, mzazi wa juzi huyu. Hajanenepa hata shavu. Unamwacha afanye kazi za Wazungu kwa haraka namna hii?"

"Shangazi, mimi simwachi wala simkatazi. Njoo umtazame tu."

Wakasimama mlangoni. Yasmini alikuwa ameketi mkekani, mgongo umenyooka, vidole vinakimbia. Alikuwa ameiagiza kompyuta ya Ulaya irudie jaribio lote, safari hii akitanguliza mwanga dhaifu mbele ya mpigo. Majibu yalirudi vipande vipande. Kwenye kioo cha kompyuta Badru aliona mstari mwembamba ukivimba taratibu kama unga uliotiwa hamira, kisha mwanga mkubwa ukaja ukazama humo na kupotea. Chini yake ilichorwa nguvu ya protoni. Ilikuwa imeanguka, na imeanguka kiasi kilekile alichokisema Séverin.

"Ndiye," alisema Yasmini.

Shangazi hakuelewa alichokiona, lakini alimtambua mtu aliyekipata alichokuwa anakitafuta. Alimfunga Zena mgongoni, akaenda zake jikoni bila neno.

Saa kumi Sophie alipiga simu ya video. Alikuwa mkuu wa jaribio, mwanamke wa makamo mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, na alizungumza Kiingereza polepole, kwa adabu. Badru alikifuata bila taabu kubwa.

"Yasmini, hesabu zako nilizipenda, unajua. Lakini tumebakiwa na muda mfupi. Nataka turudi kwenye tando nene."

"Kuna mwanga unaotangulia," alisema Yasmini. "Nimeuweka kwenye hesabu, na nimepata namba zenu zilezile."

"Tuliupima wiki iliyopita. Leza ni safi."

"Mliupima leza ikiwa na nguvu kiasi gani?"

Séverin, aliyekuwa nyuma ya Sophie, ndiye aliyejibu. "Nguvu kidogo. Ikiwa kamili, ile mashini ya kupimia itaungua."

"Hapo ndipo penye tatizo," alisema Yasmini. "Mwanga ukiwa mdogo, unapita kwenye vioo vya leza bila kuvigusa. Ukiwa mkubwa, unavibadilisha vioo vyenyewe unapopita ndani yake. Mwangwi mdogo unaofuata nyuma ya mpigo, ambao haumdhuru mtu, unaweza kuzaa pacha wake mbele. Kwa nguvu kidogo pacha huyo haonekani kabisa. Kwa nguvu kamili anazaliwa. Mlipima leza iliyolala. Jaribio linafanywa na leza iliyoamka."

Badru alishika fremu ya mlango. Alimfahamu mkewe kwa mambo mengi, lakini sauti hiyo hakuwahi kuisikia. Haikuwa ya ukali wala ya kuomba. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefika mahali na sasa anawaelekeza wengine njia.

Sophie alikunja mikono, akafikiri. Wala hakukasirika. "Sawa. Huwezi kunithibitishia leo, na mimi siwezi kukukanusha leo. Unapendekeza nini?"

"Kioo cha plazma."

"Kukifunga kutakula asubuhi yote ya kesho. Na tutapoteza karibu robo ya mwanga. Kisipofanya kazi, hatutakuwa na muda hata wa tando nene. Utaondoka bila kitu, na mimi pia."

Yasmini aligeuka, akamtazama Badru kwa muda. Badru angeweza kumshauri kuhusu khanga za Mombasa au vitenge vya Kongo. Hapa aliitikia tu kwa kichwa kumwambia, niko hapa. Yasmini akarudi kwenye kompyuta.

"Kifungwe," alisema. "Kikishindwa, waambie watu wote kwamba nilisisitiza mimi."

"La," alisema Sophie. "Nitasema tuliamua wawili. Séverin, kalete vile vioo."

Walilala Kibondo. Asubuhi kulikuwa na baridi ya milimani, ukungu umekaa juu ya mabati, na majirani wakapita wakisalimia kwa Kiha "Mwakeye" kuelekea mashambani. Yasmini alikuwa hana la kufanya zaidi ya kungoja. Shangazi Mwamvua akachukua nafasi hiyo.

"Haya mwanangu, kioo gani hicho mlichokuwa mnakigombania jana?"

"Ni kipande cha glasi, shangazi. Kisafi, hakirudishi mwanga. Ukiweka glasi hiyo njiani, mwanga dhaifu unaotangulia unapita katikati yake, unakwenda zake, hauufikii utando. Kisha mpigo wenyewe unakuja. Ni mkali mno, hata ile ncha yake ya kwanza tu inatosha kuugeuza uso wa glasi kuwa plazma. Na plazma iliyosongamana unajua inafanya nini?"

Badru, aliyekuwa anachambua maharage kando yao, alijibu kabla ya shangazi. "Inaurudisha mwanga."

"Inaurudisha," alisema Yasmini, akicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Glasi inakuwa kioo palepale, inauelekeza mpigo kwenye utando, ukiwa safi. Mwanga mwenyewe ndio unaojitengenezea kioo chake. Baada ya hapo pale mahali pameharibika. Tunasogeza glasi kidogo, tunatumia mahali pengine."

Shangazi aliacha kukoroga uji. "Kioo cha kutumika mara moja."

"Mara moja tu."

"Na kimeundwa na mwanga, kwa ajili ya mwanga." Alitikisa kichwa taratibu. "Subhana Llah. Na nyie mmekaa mkagundua kitu kama hicho."

"Siyo mimi, shangazi. Wengine walikigundua kabla yangu. Mimi nimekiomba tu."

Mchana Séverin alipiga, macho mekundu kwa uchovu. Tangu alfajiri alikuwa akilenga mwanga kutoka glasi mpaka utando, na kosa la upana wa unywele lingeharibu kila kitu. "Dada, iko tayari. Nimeilenga, nikailenga tena, nikaomba Mungu, nikailenga tena." Kisha watu wote kule walitoka kwenye chumba cha leza, mlango mzito ukafungwa, na Sophie akahesabu kwa kurudi nyuma.

Mpigo haukuonekana. Badru alikuwa ametarajia radi, akasikia mlio mdogo tu kwenye simu, na sauti ya mtu akisema kwamba umepita. Halafu ikabidi wangoje hewa irudishwe kwenye chemba ndipo filamu zitolewe. Shangazi alileta ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, wakala bila kuzungumza, simu imesimamishwa kwenye bakuli la chumvi.

Séverin alirudi ameshika filamu kwa koleo ndogo. Aliileta ya kwanza mbele ya kamera. Buluu nzito, kama wino. Ya pili, buluu. Ya tatu, ambayo haikuwahi kubadilika, buluu. Shangazi Mwamvua, asiyejua filamu hizo ni za nini, alianza kuhesabu kwa sauti, na kila buluu ilipotokea alipiga goti lake. Séverin aliendelea mpaka zikabaki chache. Buluu ilikuwa inafifia, lakini ipo. Kwenye iliyotangulia ya mwisho kulikuwa na doa dogo katikati, hafifu kama alama ya maji kwenye kitambaa cheupe. Ya mwisho ilikuwa tupu.

Kisha Sophie akaingia kwenye picha, amevua miwani. "Maabara hii haijawahi kufika hapo," alisema. "Hata mara moja. Yasmini, ulikuwa sahihi."

"Ya mwisho haikugeuka," alisema Yasmini.

"Haikugeuka. Hesabu zako zimezidi kidogo, au kioo kimetunyima kidogo. Tutaitafuta sababu."

"Tutaitafuta," alisema Yasmini, na ndipo alipofunika uso kwa mtandio wake na kulia. Séverin naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Dada, mupigie mama yangu," alisema. "Umwambie mtoto wake amelenga vizuri."

Walimpigia Jeannette wakiwa njiani kurudi, walipokuwa wamesimama Busunzu ili Zena anyonye. Alikuwa kwenye zamu ya kupima watoto uzito, kelele za watoto zilisikika nyuma yake. Yasmini alimweleza kwamba Séverin ameelekeza mwanga uliofanya kazi isiyowahi kufanyika katika jengo lile, na hakukosea hata upana wa unywele. Jeannette alisogea kando na kelele.

"Tangu akiwa mutoto," alisema, "alikuwa na mikono ya utulivu. Mungu asifiwe. Asante, mama, kwa kuniambia miye."

Baada ya miezi michache matokeo yalichapishwa, jina la Yasmini likiwa la kwanza, la Séverin likifuata. Maabara ikampa wiki nyingine, na safari hii Sophie alimtaka aje mwenyewe, asimamie chumbani, aje na mtoto na yeyote anayemtaka. Badru, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote zaidi ya ule wa Burundi, alianza kuulizia pasipoti.

"Utachoka bure," Yasmini alimtania. "Hutaona kitu. Tutakuwa nyuma ya ukuta mnene, na mlio wenyewe ni kama wa swichi."

"Nitausikiliza hivyohivyo," alisema Badru, akaendelea kukunja vitenge vyake.